Jina Huandikwa Nyuma

Maandishi bora niliyoyasoma mwaka huu hayakuwa kwenye kitabu. Yalikuwa kwenye ile raba inayoning'inia nyuma ya tairi la pikipiki, kwenye steji moja ya bodaboda hapa Kakamega, yamekatwa kwa wembe kutoka kwa karatasi nyekundu ya kung'aa: BADO KIDOGO. Basi, hayo tu. Nilisimama pale na mfuko wangu wa nyanya nikayasoma mara tatu, mpaka mwenye pikipiki akadhani nataka kubebwa.

"Madam, twende?"

Nikamuuliza, bado kidogo nini? Akacheka.

"Wewe unadhani nini?"

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikizisoma steji vile wengine husoma rafu za vitabu. Sina kazi ya ofisini, na pesa ya kununua vitabu ni ya kubahatisha, lakini steji ni bure na kila asubuhi ina kitu kipya. Nimesoma MUNGU HACHELEWI. Nimesoma NADAIWA PIA. Nimesoma TULIA KAMA HUIJUI, na siku nzima nikabaki nikijiuliza huijui nini. Nimesoma nyingi mbaya vilevile, nami nitazitaja, kwa sababu mtu akisema kitu ni fasihi halafu akatae kusema kipi ni kibaya, hajakiheshimu.

Kenya tuna mazoea ya kuandika kuhusu urembo wa magari, lakini magari yenyewe huwa ni matatu. Na ni haki yao. Mbugua wa Mungai aliandika kitabu kizima kuhusu utamaduni wa watu wa matatu wa Nairobi, na Kenda Mutongi akaandika historia ya matatu iliyochapishwa mwaka 2017. Tunakumbuka pia sheria za Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, mstari wa manjano ukapigwa ubavuni mwa kila gari, na michoro ikafifia kwa miaka kabla ya kurudi kwa kishindo. Shida yangu ni kwamba mtu akigeuka kuiangalia bodaboda, huiona kama matatu ndogo. Anaona rangi, anaona jina, anasema: vijana wanajishaua, wanavutia wateja.

Mimi nasema hapana. Angalia tu mahali jina lilipo.

Jina la matatu liko pande zote, kwa sababu kazi yake ni kuita. Mtoto wa shule ataiacha gari tupu isiyo na sauti asubiri ile yenye mchoro wa mwanamuziki anayempenda. Mwenye gari anajua hivyo, ndiyo maana analipa mchoraji. Hilo ni tangazo, na tangazo zuri linaweza kuwa sanaa, sipingi. Lakini jina la bodaboda liko nyuma, chini, karibu na matope. Abiria haliongoi: akipanda anaona mgongo wa dereva. Dereva mwenyewe halioni akiwa kazini. Anayelisoma ni yule aliyeachwa nyuma, yaani dereva mwingine, mwenye lori, au mama anayetembea kandokando ya barabara na kuni. Hakuna kati yao anayeleta hata shilingi 50. Jina la boda ni neno linalosemwa ukiwa umegeuza mgongo, kwa mtu ambaye hutangoja jibu lake.

Kuna kitu kingine chetu kinachosema namna hiyo, nacho ni kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na yale maneno yaliyo chini huitwa jina. Tangu utotoni nilidhani ni kosa la lugha, kwamba watu walipaswa kusema methali au ujumbe. Sasa naona Waswahili walijua wanachosema. Maneno yale ndiyo yanayoitofautisha kanga moja na nyingine, na pia yanafanya kazi mwanamke akiwa amegeuka, yakisomwa na jirani anayebaki mlangoni. Mwenye kanga anaweza kukana kila kitu. "Mimi nilinunua rangi tu." Na yule wa BADO KIDOGO alinikana hivyohivyo.

Lakini kanga ina somo lingine linalonikaribia zaidi. Ukiinunua kanga ya Kaderdina Hajee Essak, lile duka maarufu la Biashara Street, Mombasa, utakuta imechapwa maneno Mali ya Abdulla. Bibi ameinunua kwa pesa yake, ameifua miaka kumi, amebebea wajukuu, na bado kitambaa kinasema ni mali ya Abdulla. Ni alama ya biashara, najua. Lakini kila nikiiona nafikiria logbook.

Ngoja nieleze, kwa sababu hapa ndipo wanaodhani ni mapambo huachwa na gari. Vijana wengi unaowaona stejini hawakununua pikipiki kwa pesa taslimu. Walilipa kianzio, wakapewa pikipiki, na sasa wanatuma pesa kwa simu kila siku mpaka deni liishe. Karatasi za umiliki zinabaki na jina la mkopeshaji pia. Mahali fulani ndani ya pikipiki kuna kifaa kinachosema iko wapi usiku na mchana, na kwa wengine kifaa hichohicho kinaweza kuizima. Kwa hivyo kijana anakalia kitu ambacho amekilipia, hajakimaliza kukilipia, na kinaweza kuchukuliwa akiwa amelala. Katika hali hiyo ndipo anapokwenda kwa fundi wa maandishi na shilingi 300 na kusema, niandikie hivi.

Jina ni logbook ambayo kijana anajiandikia mwenyewe.

Nayajua haya kwa sababu pikipiki moja kati ya hizo ilinihusu. Ndugu yangu mkubwa alichukua ya mkopo nilipoingia mwaka wa pili chuoni. Hesabu ilikuwa rahisi: shilingi 400 kila siku kwa mkopeshaji, Jumapili ikiwemo, na kinachobaki kigawanywe kati ya unga wa nyumbani na karo yangu. Wiki ile ile alienda kwa fundi. Nilikuja likizo nikaikuta imesimama chini ya mwembe, nyeusi, imeoshwa, nyuma imeandikwa DIGRI. Herufi tano, I moja tu mwishoni, kwa sababu fundi aliandika vile alivyosikia. Nikamwambia bro, imekosewa, zinatakiwa kuwa I mbili. Akaniambia, "Si umeelewa?"

Nilielewa vizuri sana. Stejini nako walielewa. Ikipata pancha wanasema Digri imekwama. Ikikosa mafuta, Digri ina njaa. Mama mmoja wa sokoni alikataa kupanda nyingine, anangoja Digri, kwa sababu, alisema, hiyo ina mambo ya maana.

Mwaka wa tatu, mvua ilinyesha vibaya, kazi ikapungua, na pikipiki ikazimwa kwa sababu ya malipo ya siku nne. Kuifungua ikala pesa ya karo. Nilizuiwa kuingia mtihani mmoja, halafu wa pili, nikarudi nyumbani "kwa muhula mmoja". Sijarudi tena. Lakini pikipiki ilirudi barabarani, na kila jioni iliingia kwenye boma letu na lile jina, nami niko jikoni naisikia ikizima. Kuna siku niliichukia ile raba kuliko nilivyowahi kuchukia kitabu chochote.

Nimesema nitataja zile mbaya. Mbaya kwangu si zile chafu, kwa maana zile chafu mara nyingi zimefikiriwa. Mbaya ni zile zinazouzwa tayari kwenye maduka ya vipuri, zimechapwa kwa mamia: picha ya simba, picha ya tai, neno moja kubwa la Kiingereza la kutisha. Ukikutana na simba yuleyule Kakamega, Mumias na Webuye, unajua hakuna aliyezungumza. Kijana amenunua sauti ya mtu mwingine. Hata zile za dini nazipima hivyo. MUNGU NI MWEMA haina kosa, lakini haina mtu ndani yake. MUNGU HACHELEWI ina mtu ndani: ni mtu aliyesubiri, na pengine bado anasubiri, na anajaribu kujiaminisha kabla hajafika kwenye kona.

NADAIWA PIA ni bora zaidi, kwa sababu ya hilo neno pia. Ukiliondoa, inabaki malalamiko. Ukiliweka, kijana amewaketisha wote walio nyuma yake kwenye benchi moja: wa lori, wa probox, na mwalimu mwenye mkopo wa chama. Neno moja limefanya kazi ya aya nzima.

Vifaa navyo vina sarufi yao. Kuna vinavyomwangalia mteja: ule mwavuli mrefu uliofungwa juu kwa vyuma, kava ya kiti yenye sponji nene, kishikio cha nyuma kilichochomelewa. Hivyo ni ukarimu, na asili yake ni ya zamani kuliko pikipiki, kwa maana bodaboda za kwanza zilikuwa baiskeli za mpakani Busia, miaka ya 1960, na hata zile zilikuwa na kiti cha sponji nyuma ili mgeni avuke mpaka bila kuumia. Kuna vinavyowaangalia wengine: taa za rangi chini ya injini, spika, vishada vinavyopepea mkononi. Hivyo ndivyo vinavyopigiwa kelele, na kwa kweli vingi huzidi. Nimeona pikipiki yenye taa nyingi hadi jina halisomeki. Hilo ni kosa la mhariri.

Halafu kuna aina ya tatu ambayo haizungumziwi, ile inayomwangalia dereva peke yake. Juu ya tangi, chini ya plastiki ngumu iliyobandikwa, utakuta picha ya mtoto. Au kipande cha kanga ya mama kimefungwa kwenye usukani, mahali mkono unapopumzika. Au namba zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito kando ya mita. Kwa ya ndugu yangu ilikuwa tarehe. Nilidhani ni siku ya kubadilisha oili. Ilikuwa siku ya malipo ya mwisho, iliyohesabiwa na kuandikwa siku alipoichukua pikipiki, na kila ilipochelewa aliifuta kwa mate akaandika nyingine. Kwa hivyo pikipiki ile ilikuwa na maandishi mawili: nyuma, la watu wote, ahadi iliyonihusu mimi, mbele, la mtu mmoja, bei ya ahadi hiyo. Nilikuwa nimesoma la nyuma tu.

Alimaliza deni mwezi wa nane. Karatasi zilichukua wiki kadhaa zaidi, kisha zikawa na jina lake peke yake. Raba ya zamani ilikuwa imepasuka, R imebanduka nusu, kwa hivyo tukaenda pamoja kwa fundi. Njiani nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia sasa ni yako, weka jina lako, hata la mtoto, kwa sababu mimi chuo sijui kama nitarudi, na sitaki uendelee kubeba kitu ambacho hakikutokea.

Hakujibu mpaka tulipofika.

"Kwani wewe unadhani ni yako?" akasema. "Mimi ndio nimeisoma hii. Miezi ishirini na mbili."

Nikanyamaza. Mimi, ninayejiita mhakiki, nilikuwa nimelisoma jina lile kila siku na sikuwahi kufikiri kwamba huenda halikuwa linanizungumzia mimi peke yangu. Au lilinizungumzia mwanzoni, kisha likahama, kama yanavyohama majina ya kanga kutoka kwa mwanamke mmoja hadi mwingine bila herufi kubadilika.

Fundi alikuwa ameshatandaza karatasi nyekundu na kushika wembe. Alijua nilisoma chuo. Watu hapa wanajua kila kitu. Akaniuliza kwa heshima kabisa, "Madam, zinakuwa I ngapi?"

Nikamwambia mbili.

Ndugu yangu akatikisa kichwa. "Acha vile ilikuwa. Watu wameizoea."

Akakata I moja.