"Tafsiri Hii" na Suala la Huruma katika Mitaa ya Eastlands

Imezoeleka miongoni mwa wahakiki wetu kudai kwamba Kiswahili, pamoja na Sheng iliyochipuka ndani yake, ndicho kilichowaunganisha vijana wa Eastlands waliozaliwa na wazazi wa makabila mbalimbali. Dai hilo lina ukweli wake, lakini halina budi kupimwa upya. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, majirani waliokuwa wakitaniana kwa lugha moja huko Mathare na Huruma walifukuzana majumbani kwa misingi ya kabila. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote. Jina la Huruma halikuukinga mtaa huo, wala wenyeji wake hawakukosa lugha ya kuelewana.

Kwa sababu hiyo yafaa tuurejee wimbo "Tafsiri Hii" wa kundi la Kalamashaka kutoka Dandora, uliovuma mwaka 1997. Dandora ilianzishwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja vikigawiwa watu wa kipato cha chini, na jaa kuu la taka la jiji likawa jirani yao. Ugumu wa maisha hayo ndio maudhui ya wimbo, na wengi wameishia hapo. Mimi naona uzito wake umo katika anwani. Tukiichukua "tafsiri" kuwa nomino, tunapewa kazi iliyokwisha kufanywa: msikilizaji wa Lavington atasikitika, kisha atazima redio. Tukiichukua kuwa kitenzi, hiyo ni amri, na "hii" inabaki bila nomino. Hali hii? Habari hii? Msikilizaji ndiye anayetakiwa kuitafuta.

Hapa ndipo sifa tunazoimwagia Sheng zinapopungua. Anayeamini kwamba yeye na jirani yake wana lugha moja haoni haja ya kumfasiri. Kinyongo cha mpangaji kuhusu kodi, na hofu ya mwenye nyumba kuhusu kura, vilikaa bila kusemwa mpaka vizuizi vilipowekwa barabarani na vitambulisho vikaanza kukaguliwa.

Wimbo wenyewe, kwa ninavyousikia, una upungufu uo huo. Amri yake inaelekezwa zaidi kwa walio nje ya Dandora. Mlango wa pili katika ploti ileile haukuulizwa lolote.