Mwenye Seva Ndiye Mwenye Nyumba

Chumba ninachopanga kiko Mafiga, si mbali na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Tuko wapangaji sita na luku moja. Mwezi wa pili baada ya kuwasha seva yangu, jirani wa chumba cha mbele alinigongea mlango jioni. "Kaka, hiyo mashine yako hailali?" Nilimwonyesha laptopu kuukuu iliyokaa juu ya boksi la viatu, nikamweleza kwamba inakula umeme kidogo kuliko feni yake. Hakuridhika, na alikuwa na haki. Hakuna aliyemuuliza kabla sijaiwasha.

Nimeanza na jirani kwa sababu maandiko yote niliyosoma kuhusu mitandao ya kijamii ya shirikisho hayamtaji. Yanataja uhuru. Yanasema: hama kwenye jumba la tajiri, jenga nyumba yako. Baada ya Elon Musk kuinunua Twitter Oktoba 2022, maneno hayo yaliwafikia hata watu ambao hawajawahi kugusa seva maishani. Mimi yalinifikia nikiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, na niliyaamini. Nataka kuyahakiki sasa kama mtu aliyeyafuata, si kama mtu aliyeyacheka kwa mbali.

Kwanza, jambo lenyewe. Mtandao wa shirikisho hauna makao makuu. Kila kundi linaendesha seva yake, na seva zinaongea kwa itifaki moja iitwayo ActivityPub, iliyopitishwa kuwa kiwango rasmi na shirika la W3C Januari 2018. Kila akaunti ina kisanduku cha kupokea na kisanduku cha kutoa. Nikiandika hapa Mafiga, seva yangu inapeleka nakala ya ujumbe kwenye seva ya kila anayenifuata, awe Nairobi au Berlin. Programu maarufu zaidi ya kazi hii ni Mastodon, lakini inataka hifadhidata ya PostgreSQL, Redis na wafanyakazi wengine wa nyuma ya pazia, mzigo ambao laptopu yangu isingeubeba. Nilichagua GoToSocial, inayoridhika na megabaiti mia chache za kumbukumbu. Betri ya laptopu ilinisaidia umeme ulipokatika. Duara letu la wasomaji, watu kumi na tisa, likahamia humo.

Hiyo ndiyo nyumba. Sasa tuangalie kiwanja. Laini ya simu niliyoitumia kwa intaneti haikunipa anwani ya umma, kwa hiyo hakuna seva ya nje ambayo ingeweza kubisha hodi kwangu moja kwa moja. Nikakodi seva ndogo Ulaya iwe kama mlango, na kutoka hapo nikachimba njia ya siri hadi chumbani. Jina la kikoa nalo ni la kulipia kila mwaka. Ukihesabu vizuri, nyumba yangu huru ilisimama juu ya mlango wa kukodi, jina la kukodi, bando la kununua na luku ya watu sita. Wanaohubiri uhuru huu kwa kawaida wanaandika kutoka mahali ambapo vitu hivyo vinne havionekani, kwa sababu havikatiki.

Kosa la pili liko kwenye neno lenyewe. Shirikisho si neno geni kwetu. Juni 1960 Nyerere alisema yuko tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi za Afrika Mashariki ziingie uhuru zikiwa shirikisho. Halikutokea. Kilichokuja, Jumuiya ya Afrika Mashariki, kilivunjika 1977. Reli, bandari, posta na simu zilizokuwa za pamoja zikagawanywa, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Mtu aliyekulia na historia hiyo hawezi kulisikia neno shirikisho kama wimbo wa mapenzi. Anauliza: nani analipa, nani anaamua, na siku ya kuachana nani anabaki na mizigo? Seva nazo huachana. Msimamizi mmoja akiamua kuifungia seva ya mwenzake, urafiki wa watumiaji wote wa pande hizo mbili unakatika bila hata mmoja wao kuulizwa.

Swali la mizigo lilinifikia kwa njia ambayo sikuitarajia. Dada mmoja wa duara letu, Mluguru, aliandika kuhusu shamba la ukoo huko milimani. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na sauti ya mjomba ni nzito. Mjomba wake alikuwa ameuza kipande bila kuwaambia dada zake. Lilikuwa andiko zuri, la hasira iliyotulia. Alidhani amelifungulia duara letu tu, kumbe alikuwa ameliweka wazi kwa kila mtu. Siku tatu baadaye binamu yake wa Dar es Salaam alimtumia picha ya skrini, bila neno lolote.

Alinipigia usiku. "Kaka, lifute." Nikalifuta. Seva yangu ikatuma taarifa ya ufutaji kila mahali ilikopeleka nakala. Seva nyingi zilitii. Moja haikujibu, na andiko likabaki pale likisomeka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba katika shirikisho kufuta ni kuomba. Unamwandikia mwenye seva nyingine, "tafadhali toa hiki," na utii wake ni ustaarabu tu, si lazima. Nilimwandikia msimamizi wa seva ile mara mbili. Sijajibiwa hadi leo.

Kisha akaniuliza lililo gumu zaidi. "Na zile tunazoandikiana faragha, nani anaweza kuzisoma?"

Ukweli ni kwamba ujumbe wa faragha katika seva hizi haufungwi kwa namna ambayo mwandishi na mwandikiwa peke yao ndio wenye ufunguo. Unakaa kwenye hifadhidata kama maandishi ya kawaida. Sijawahi kuufungua ujumbe wa mtu, lakini naweza. Nilimwambia hivyo.

Alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo wewe ni baba mwenye nyumba," akasema. "Una ufunguo wa akiba wa vyumba vyote."

Sentensi hiyo ndiyo uhakiki wangu wote kwa ufupi. Ahadi ya "jenga nyumba yako" ni ya kweli kwa mtu mmoja tu, yule aliyeijenga. Watu kumi na nane waliobaki walihama kutoka kwa tajiri wa mbali wakaja kupanga kwa kijana wa Mafiga. Tajiri yule angalau ana wanasheria. Mimi nina tesisi ya kumaliza.

Na wanasheria si anasa hapa. Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa Desemba 2016 na kufikishwa mahakamani Kisutu, na kiini cha suala kilikuwa kutotoa taarifa za watumiaji zilizotakiwa na polisi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilileta leseni na ada zilizowafanya wenye blogu wengi wanyamaze. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa majukumu anayekusanya taarifa za watu. Melo alikuwa na taasisi nyuma yake na bado ilimgharimu miaka. Barua ya namna hiyo ikija kwenye chumba changu, itaipokea mama wa chumba cha pili, anayekaa barazani.

Lakini nitakuwa mwongo nikisema ahadi yote ni hewa. Mei 2025, X ilipofungwa nchini, duara letu liliendelea kuzungumza kana kwamba hakuna kilichotokea, na nilitembea mtaani kwa kujivuna kidogo. Majivuno hayo yaliisha Oktoba 29, siku ya uchaguzi, intaneti yenyewe ilipozimwa kwa siku kadhaa. Laptopu ilikuwa na umeme, programu ilikuwa nzima. Hapakuwa na njia ya kutoka. Zilikuwa siku ambazo kila mtu alitaka kujua tu kama ndugu zake wako salama, na mimi nilikuwa na seva huru isiyoweza kumfikia mtu hata mmoja. Njia iliporudi, ujumbe uliokuwa umekwama kwenye seva za wenzetu ulianza kuingia mmoja mmoja, maana seva hujaribu tena na tena. Wa kwanza uliosema "mko wazima?" ulikuwa umeandikwa siku nne nyuma.

Figa moja haliinjiki chungu, walisema wazee, na mtaa wangu umebeba jina hilo. Nimejifunza kwamba seva ya mtu mmoja ni figa moja. Baada ya simu ile tuliitana sote, tukakubaliana mambo matatu. Kila atakayejiunga ataambiwa waziwazi, kwa Kiswahili, nani anaweza kusoma nini. Maandishi yote yataanza yakiwa ya wafuasi tu hadi mwandishi mwenyewe aamue vinginevyo. Na watu wawili zaidi watakuwa na funguo na watachangia gharama, ili yeyote akifungua asichopaswa kufungua, wengine waweze kuona.

Dada yule ni mmoja wa hao wawili. Aliomba mwenyewe. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupitia orodha ya seva tunazoongea nazo, na ile iliyobaki na andiko lake ameifungia. Andiko bado liko kule. Mjomba hajampigia simu tangu wakati huo.

Mimi nilikwenda kwa jirani wa chumba cha mbele, nikamwambia nitaongeza elfu mbili kila mwezi kwenye luku. Alizipokea, akauliza mashine yenyewe inafanya nini. Nilikaa naye barazani karibu saa nzima nikimweleza. Mwisho akasema, "Sawa. Ila ungesema mapema."