Fanani wa Karata

Mchezo wa kuigiza wahusika kwa taroti huhitaji meza, watu watatu hadi sita, pakiti moja ya karata 78, na fanani mmoja anayejua kutazama. Kila mchezaji huwa na mhusika wake: mwizi aliyestaafu, mganga aliyefukuzwa kijijini, binti wa nahodha. Fanani hubeba yote yaliyobaki, yaani mvua, askari wa lango, mbwa, wenye maduka, na hatima ya kila jambo lisiloweza kuamuliwa kwa maneno matupu. Jambo la namna hiyo likifika, karata hufunuliwa. Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa na Gary Gygax na Dave Arneson huko Marekani mwaka 1974 na kuzaa aina hii nzima ya michezo, hutumia dadu: namba ikiwa kubwa upanga umempata adui, ikiwa ndogo umekata hewa. Karata haina jibu fupi hivyo. Hutoa picha, na picha hukaa kimya mpaka mtu aisemee. Kuisemea ndio ufundi wenyewe.

Kati ya karata hizo, 56 ni za aina nne zinazojulikana, kopa, uru, pau na shupaza, ila katika taroti huchorwa vikombe, sarafu, fimbo na panga. Na kila aina ina Mfalme, Malkia, Mpanda Farasi na Ghulamu. Zile 22 nyingine ni turufu: Mpumbavu, Mnara, Mwezi, Kifo na wenzao. Taroti zilianza Italia ya kaskazini katika karne ya 15, zikiwa za kuchezea tu. Kutabiria kulishika kasi baadaye sana, baada ya Mfaransa Antoine Court de Gébelin kudai mwaka 1781 kwamba zimeficha hekima ya Misri ya kale. Ushahidi hakuwa nao, lakini dai lilikuwa tamu, likaenea. Wanaostahili kukumbukwa zaidi ni Waitalia wa karne ya 16, waliokuwa wakimpa kila mtu barazani turufu moja na kumtungia beti za kumsifu au kumtania kwa karata hiyo. Mchezo wa leo ulikuwa umekwisha kuwapo, umekosa jina tu.

Karata zinazoonekana zaidi mezani sasa ni zile zilizotoka London mwaka 1909, zilizobuniwa na Arthur Edward Waite na kuchorwa na Pamela Colman Smith. Smith alikuwa fanani kabla ya kuchora taroti. Sehemu ya ujana wake ilipita Jamaica, akazipata huko ngano za Anansi, buibui mjanja aliyevuka bahari pamoja na watumwa kutoka Afrika Magharibi; akazichapisha katika kitabu mwaka 1899, na London akawa anazitamba mbele ya hadhira akiwa na mavazi yake ya kutambia. Mkono wa mtambaji unaonekana katika michoro. Kwenye karata za kale za Marseille, vikombe vitano ni vikombe vitano na maua, basi. Smith alizijaza karata ndogo, yaani zile 56, watu, mawingu na shida zao. Alipomaliza alimwandikia mpiga picha Alfred Stieglitz kwamba kazi ilikuwa kubwa na pesa ni kidogo mno. Alikufa mwaka 1951 akiwa na madeni, na michoro yake ingali inauzwa dunia nzima.

Ichukuliwe hiyo Vikombe Vitano. Mtu amesimama ndani ya joho jeusi, kichwa kimeinama. Mbele yake vikombe vitatu vimepinduka, vilivyokuwamo vimemwagika. Nyuma yake viwili vimesimama wima, naye hajageuka kuviona. Mbele zaidi kuna mto, daraja, na ngome ndogo ng'ambo.

Tuseme binti wa nahodha ameingia bandarini usiku kumtafuta kaka yake, na karata iliyotoka ni hii. Fanani mvivu atasema, "Huzuni. Hukumpata," na mchezo umeishia hapo. Fundi huchelewa. Huisogeza karata mbele ya mchezaji, humwacha aitazame mpaka macho yake yaache kurukaruka, kisha humwuliza: hivi vitatu vilivyomwagika ni nini? Mchezaji akijibu kwamba ni mabaharia watatu waliosafiri na kaka, fanani huidaka kauli hiyo hapo hapo: wamelala gatini, chupa zimevunjika kando yao, mmoja tu ndiye bado anapumua. Kuhusu vikombe viwili vya nyuma hasemi kitu. Anaviweka. Saa nzima baadaye, kisa kikiwa kimehamia sokoni, binti anagundua kuna watu wawili wanaomfuata tangu gatini, na hao ndio wanaojua kaka alikopelekwa. Daraja nalo linasubiri kikao kijacho. Karata moja imelisha usiku mzima, wala hakuna kilichotungwa ambacho Smith hakuwa amekiwekea mahali.

Kwa hiyo fundi hujulikana kwa asichokisema kuliko anachokisema. Turufu ya 13, Kifo, ndiyo mtihani mkubwa. Mwanagenzi akiiona mifupa juu ya farasi mweupe humuua mhusika papo hapo, na mchezaji hukaa kando akinywa chai iliyopoa. Fundi huenda kwa yule mtoto aliyepiga magoti mbele ya farasi, anayemtazama mpandaji bila woga, na kuuliza ni mtoto wa nani. Karata ikitoka kichwa chini, jambo halikatazwi. Huja limechelewa, au kwa mlango wa uani.

Karata zilizofunuliwa haziondolewi haraka. Hupangwa safu, kila mhusika na yake, na safu zikikutana karata moja husomwa na wawili kwa maana mbili: Mnara ulioanguka kwa mganga ni nyumba, kwa mwizi ni jela iliyopasuka. Italo Calvino aliijengea riwaya kanuni hiyo. Katika Il castello dei destini incrociati, wasafiri waliopoteza sauti baada ya kupita msituni husimuliana maisha yao kwa kuweka taroti mezani, na karata za mmoja zinageuka kuwa njia ya mwenzake. Riwaya hiyo haikuwa mchezo, lakini hakuna kitabu cha kanuni kilichoueleza ufundi huu vizuri kuliko hiyo.

Wabunifu wa michezo walijaribu. Mwaka 1983 Ravenloft, kisa cha kuchezwa kilichotungwa na Tracy na Laura Hickman, kilitumia karata za kawaida kuamua silaha za kumshinda adui zimefichwa wapi katika kasri lake. Mwaka 1995 Jonathan Tweet alitoa Everway, mchezo usio na dadu kabisa: kila mchezaji alichagua picha tano na kumsimulia mhusika wake kutokana nazo, na mambo magumu yaliamuliwa kwa karata 36 zilizofanana na taroti. Kampuni iliyoutoa, Wizards of the Coast, ilikuwa ikitajirika kwa Magic: The Gathering, ambamo karata hupigana kwa namba. Everway haukukaa nayo muda mrefu.

Namba zimeshinda kwingine pia. Karata sasa huchangwa na programu ya simu, picha hutokea ndogo, na chini yake maana imekwisha andikwa. Wachezaji husoma maandishi na kuendelea, maana kuna watu wanne wanaosubiri na muda unakwenda. Pakiti mpya zinazochapishwa kwa dhahabu na karatasi nene mara nyingi zimerudi kwenye vikombe vitano na maua. Zinapendeza rafuni, na fanani hana cha kushika. Vitabu vya kanuni navyo hutenga kurasa kadhaa kwa jedwali la maana za karata zote 78, na kuhusu namna ya kuitazama moja, mara nyingi aya mbili.