Picha za Mlimani na Maneno ya Wasomaji

1. Utangulizi

Masimulizi ya safari za milimani, yanayoandikwa na msafiri mwenyewe na kuambatana na picha alizozipiga, yanazidi kuwafikia wasomaji wa Kiswahili. Wahakiki wa masimulizi hayo ni wasomaji wa kawaida: walimu, makarani, wanafunzi, na wenyeji wa mahali palipopigwa picha. Wao husifu, hupinga na huuliza. Na maoni yao ni ghala la lugha ambalo mtaalamu wa istilahi hapaswi kulipuuza.

Katika makala haya tunakusudia kuyahakiki maoni ya namna hiyo. Tumechagua mfano wa Mlima Kilimanjaro kwa sababu mbili. Kwanza, picha zake zimeenea mno, ndani na nje ya Afrika Mashariki. Pili, ubishi wa wasomaji kuhusu mlima huo una historia ndefu, inayoanza kabla ya kamera kufika huko. Hoja yetu ni kwamba maneno matatu yanayotawala maoni hayo, yaani "theluji", "nzuri" na "kuteka", humzuia msomaji asiyatambue mambo ambayo picha imekwisha kumwonyesha. Wafasiri na walimu wanayo nafasi kubwa ya kuirekebisha hali hii, kwa kuwa wao ndio wanaomfikishia msomaji maneno hayo.

2. Ubishi wa mwaka 1849

Tarehe 11 Mei, 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akisafiri na msafara ulioongozwa na Bwana Kheri, aliona weupe juu ya kilele cha mlima. Mwanzoni alidhani ni wingu. Kirongozi wake aliuita weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akakata shauri kuwa ile ni theluji, na taarifa yake ikachapishwa London mwaka 1849.

Wasomaji wake hawakuafikiana. Aliyepinga kwa ukali kuliko wote ni William Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakupata kufika katika nchi hizi. Katika kitabu chake cha mwaka 1852, Inner Africa Laid Open, alishikilia kuwa theluji ile ilikuwa katika fikira za mmisionari tu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1862, Carl Claus von der Decken alipanda mlima huo akiwa na Otto Kersten, wakapita kimo cha mita 4,000, na theluji ikawaangukia. Hata hivyo Cooley hakuacha ubishi wake.

Jambo linalotuhusu hapa ni majina. Weupe mmoja ulipewa majina matatu: wingu, baridi, theluji. Kirongozi alitaja kile ambacho mwili huhisi mtu akaribiapo mahali pale. Rebmann alitaja kile alichokijua tangu utotoni kwao. Na Cooley, asiyeona chochote, alihukumu kwa yale aliyoyasoma kuhusu joto la Ikweta. Jibu la kirongozi halikuwa la mtu mjinga. Katika Kiswahili baridi ni nomino kamili, ni kitu kinachoweza kuwapo mahali, kumpata mtu na hata kumuua. Lakini katika ubishi wote ule wa London jibu hilo halikupewa uzito wowote. Ushahidi wa Kiswahili ulikuwapo tangu siku ya kwanza, nao ulipita mbele ya macho ya wasomaji bila kuhojiwa.

3. Theluji na barafu

Msomaji wa leo anayo picha, tofauti na wale wa 1849. Ingetarajiwa basi ubishi uwe umekwisha. Ukweli ni kwamba umehama tu. Zamani watu walibishana kama kuna theluji. Sasa wanabishana kama imekwisha. Akionyeshwa picha ya Kibo iliyopigwa wakati wa kiangazi, msomaji huandika kuwa theluji imekwisha. Akionyeshwa nyingine iliyopigwa siku chache baada ya mvua, huandika kuwa theluji imerudi na kwamba wataalamu walitudanganya. Wote wawili wanatumia neno moja kwa vitu viwili.

Theluji ni ile inayoanguka kutoka mawinguni, hasa majira ya masika na vuli. Hukaa siku kadhaa au majuma, kisha hutoweka. Barafu ni ile iliyoshikamana na kudumu miaka mingi, nayo ndiyo inayopungua. Mwaka 1912 Eduard Oehler na Fritz Klute waliupiga mlima picha za upimaji, na kutokana na picha hizo Klute akachora ramani. Kwa hesabu zinazotegemea ramani hiyo, barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 11.40 mwaka 1912. Kufikia mwaka 2011 zilibaki 1.76. Hesabu hizo ni za barafu. Theluji ya juma moja haiziongezi wala haizipunguzi.

Mfano ulio wazi ni wa picha mbili zilizopigwa kutoka angani na setilaiti ya Landsat, moja tarehe 17 Februari, 1993, na ya pili tarehe 21 Februari, 2000. Picha hizo zilienea duniani kote zikiwekwa bega kwa bega, na wasomaji wengi walizipokea kana kwamba tofauti yote ya weupe ilikuwa ni barafu iliyopotea katika miaka saba. Kumbe katika weupe wa 1993 kulikuwamo pia theluji ya msimu. Hasara ilikuwa ya pande mbili: walioamini waliamini zaidi ya kipimo, na waliogundua kosa wakapata kisingizio cha kukanusha hata upungufu uliothibitishwa kwa vipimo vya karibu karne nzima.

Yafaa tueleze kwa nini Kiswahili chetu huteleza hapa. Theluji tumeipokea kutoka Kiarabu, na barafu kutoka Kiajemi na lugha za Kihindi. Na huko yalikotoka, kila moja la maneno hayo laweza kutumika kwa vitu vyote viwili. Tofauti ilizaliwa huku kwetu, katika matumizi. Barafu ikawa ni ile ya kiwandani, ya jokofu, na ya mifuko wanayonunua watoto. Theluji ikabaki neno la vitabuni, la nchi za mbali. Hadithi ya Ernest Hemingway ya mwaka 1936, ambayo jina lake huunganisha Kilimanjaro na theluji, pamoja na filamu iliyotokana nayo mwaka 1952, ziliipa theluji nguvu zaidi. Kutoka humo wafasiri wakaandika "theluji za Kilimanjaro", wakiufuata wingi wa Kiingereza, ilhali Mswahili hahesabu theluji kama asivyohesabu mchanga. Watu wa kazi ya mlima wao hawakuteleza: kambi iliyo katika kimo cha zaidi ya mita 4,600 inaitwa Barafu.

Aidha, neno "mto wa barafu", na mwenziwe "barafuto", yanafaa kwa barafu inayoteremka bondeni. Msomaji anayelijua neno hilo tu, akionyeshwa picha ya uwanja wa kaskazini wa Kibo, haoni mto wowote. Anaona ukuta uliosimama wima juu ya tambarare ya vumbi. Hapo huuliza kama picha ni ya kweli. Swali lake ni la haki, na kosa ni la istilahi. Kadhalika kitenzi "kuyeyuka" hakitoshi, kwa kuwa sehemu ya barafu ile, katika hewa kavu na ya baridi, hugeuka mvuke bila kupitia hali ya maji. Kwa hiyo "kupungua" au "kutoweka" ni salama zaidi.

4. Kupiga, kusafisha, kuvuta

Maoni mengi kuhusu picha huishia katika neno "nzuri", likiongezewa "sana" au "mno". Sifa hiyo haina ubaya, lakini haimfundishi mpiga picha wala msomaji mwenzake. Haielezi kama uzuri ni wa mlima, wa mwanga, wa kamera au wa jicho la aliyeishika.

Sababu moja ni kwamba neno "picha" limebebeshwa mzigo mkubwa: mchoro wa mkono ni picha, filamu ni picha, na ya kamera ni picha. Maandishi rasmi yametumia "picha mnato" kwa ile isiyokwenda, na neno hilo lafaa. Lakini utajiri zaidi umo katika vibanda vya wapiga picha, na ndiko tunakopaswa kuanzia.

Tuchukue kitenzi "kusafisha". Enzi za mkanda, mtu alipeleka mkanda wake ukasafishwe, yaani utiwe dawa gizani hata sura zitokee. Mkanda umekaribia kutoweka, neno limebaki: leo mtu hupeleka picha iliyomo katika simu yake "ikasafishwe", na maana yake ni ichapwe kwenye karatasi. Sasa msomaji anapoandika kwamba picha ya mlima "imesafishwa vizuri", tumwelewe vipi? Imechapwa vizuri, au rangi zimeongezwa na wingu lisilotakiwa likafutwa? Maana ya kwanza ni sifa ya fundi. Ya pili ni swali kuhusu ukweli wa picha, na picha inayotumiwa kuwa ushahidi wa barafu haiwezi kuachwa bila swali hilo.

Kitenzi cha pili ni "kuvuta". Picha zinazopendwa sana za Kilimanjaro huonyesha tembo wakipita chini ya Kibo, na nyingi zimepigwa Amboseli, nchini Kenya. Kila zinapoenea hufufua ugomvi uleule: mgeni huamini mlima uko Kenya, na msomaji wa Tanzania huandika kwa hasira kuwa mpiga picha ameiba mlima. Hasira hiyo tunaielewa, lakini haigusi kiini cha jambo. Kutoka Amboseli hadi Kibo ni zaidi ya kilomita 40. Lenzi ndefu huvuta kilicho mbali kikaonekana kimemwegemea kilicho karibu, hata mlima ukadhaniwa u nyuma tu ya tembo. Msomaji mwenye neno la kueleza jambo hilo angeandika: "Picha hii imevutwa, iandikwe ilipopigwa." Sentensi hiyo fupi ingefanya kazi kuliko lawama nyingi.

5. Kupanda, kukwea, kuteka

Msafiri afikapo Uhuru, mita 5,895, wasomaji humpongeza kwa "kuuteka" mlima au "kuushinda". Maneno hayo ni ya vita, yameingia kupitia tafsiri za masimulizi ya kigeni. Kiswahili kina kupanda na kukwea, na vitenzi hivi viwili havilingani. Apandaye huenda kwa miguu, kama wafanyavyo wengi wanaoelekea Kibo. Akweaye hutumia na mikono, kama walivyolazimika Oehler na Klute walipofika kileleni Mawenzi mwaka 1912. Msomaji akizitenga safari hizi mbili, sifa zake zitakuwa na kipimo.

Ubaya wa "kuteka" ni kwamba mtekaji huwa mmoja. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba, 1889, kambi ya juu walikuwa na Mwini Amani, mtu wa Pangani. Meyer akakipa kilele jina la Kaisari wa Ujerumani, nalo likadumu hadi jina la Uhuru liliposhika nafasi yake, wakati Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na Mwenge mwaka 1961. Jina la Mwini Amani halikuwekwa popote. Hali hiyo yaendelea katika maoni ya wasomaji: picha humwonyesha msafiri akitabasamu, na nyuma yake watu wenye mizigo vichwani, lakini maoni humtaja mmoja tu. Watu hao wana majina ya kazi: wapagazi, wapishi, waongozaji, na wao kwa wao wapagazi hujiita "wagumu". Yafaa msomaji ayajue, kwa maana picha imekwisha kuwaonyesha.

Tuongeze neno moja kuhusu safari zenyewe. Wafasiri wengine huziita "mikasa". Mkasa humfika mtu asipoutaka. Safari hizi mtu huzifuata kwa hiari, akijua hatari yake. "Jasura" ndilo neno linalofaa, na mkasa ubaki kwa siku ambayo jasura imeharibika.

6. Mapendekezo

Kwa kufuata kanuni ya kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, tunapendekeza haya:

(a) Theluji itumike kwa inayoanguka na kutoweka. Barafu, au barafu ya kudumu, kwa inayobaki. "Mto wa barafu" utumike pale inapoteremka, na "uwanja wa barafu" na "ukuta wa barafu" pale ilipo kama Kibo.

(b) Kusafisha kubaki kwa kazi ya mkanda. Kuchapa kutumike kwa karatasi. Na kuhariri kwa kubadili kilichomo. Kuvuta kukubaliwe katika maandishi rasmi.

(c) Kila picha inayochapishwa iwe na maelezo ya mahali ilipopigwa, tarehe, na majina ya walioonekana, wakiwamo wapagazi, endapo wameridhia.

(d) Kuteka na kushinda kuachwe kwa vita na michezo.

Walimu waweza kuyajaribu mapendekezo haya bila gharama. Wawape wanafunzi picha mbili za Kibo, moja ya kiangazi na moja ya baada ya mvua, wawatake waandike aya moja kwa kila picha bila kutumia neno "nzuri". Tunawaomba pia wasomaji wanaofanya kazi mlimani au katika studio za picha watuletee maneno wanayoyatumia kila siku, pamoja na maana zake, ili yafikiriwe kabla ya orodha ijayo ya istilahi kutayarishwa.