Gede: Umma Uingie Shimo Lingali Wazi

Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba magofu ya mji wa Gede, karibu na Watamu katika pwani ya Kenya, mwaka 1948. Baadhi ya nyumba za mji huo wa matumbawe zilipewa majina ya vitu vilivyofukuliwa ndani yake: mkasi, kasha la pembe za ndovu, taa ya chuma. Mgeni wa leo hulipa kiingilio, akasoma kibao, akapiga picha ya kuta. Asichokiona ni tabaka ulimolala huo mkasi, na bila tabaka mkasi hauwezi kutuambia kama ulikuwa wa mwenye nyumba au wa mpita njia aliyeudondosha nyumba ikiwa imekwisha kuhamwa. Uchimbaji huharibu kile unachokisoma. Tabaka likishaondolewa halirudi. Ndiyo maana nashikilia kwamba wakati wa kuwaita watu ni shimo likiwa bado wazi, si miaka baadaye kuta zikishafagiliwa.

Wanaodhani mambo haya ni ya wasomi tu wautazame ukuta wa shimo uliokatwa wima. Sakafu ya chokaa huonekana kama mstari mweupe, na chini yake pana udongo wa kujazia wenye vigae. Ikiwa sakafu haijatobolewa, kigae cha kauri ya Kichina kilicho chini yake kilifika hapo kabla haijamwagwa. Basi sakafu hiyo haiwezi kuwa kongwe kuliko kigae. Ni hoja nzima ya tarehe, na mtoto wa shule ataishika papo hapo akiwepo wa kumwonyesha kwa kidole. Huko York, Uingereza, kuwaita watu shimo likiwa wazi kulifanyika kwa ukubwa: mtaa wa Coppergate ulipochimbwa kati ya 1976 na 1981, wageni kwa malaki walipita kutazama mabaki ya mji wa Waviking kazi ikiendelea. Mwaka 1984 kituo cha maonyesho cha Jorvik kikafunguliwa palepale.

Wachimbaji hulalamika kwamba wageni huchelewesha kazi na kubomoa kingo. Ni kweli, ila dawa yake ni ya kiufundi: kamba iwekwe mbali na ukingo, mbao zitandikwe pa kupita, kifusi kirundikwe upande mwingine. Wizi haunitishi sana, kwa kuwa vilivyopatikana huandikwa na kuondolewa shimoni kazi ikiendelea. Pingamizi zito ni makaburi. Mifupa ya pwani yetu mara nyingi ni ya Waislamu, na kuizungushia uzio ili itazamwe ni kuwavunjia heshima wafu na walio hai. Hapo shimo lifunikwe, na wazee na watu wa msikiti waulizwe kabla jembe halijagusa ardhi, si baada ya fuvu kuonekana.

Wengine watasema shimo lililo wazi litaharibiwa na mvua za masika. Litaharibika, kwa hiyo lisiachwe: lioneshwe kwa wiki chache za kazi, kisha lifukiwe kwa udongo, ambao huhifadhi kuta vizuri kuliko paa la mabati. Wala si lazima kila shimo lioneshwe. Lichaguliwe moja lenye tabaka zinazosomeka, na mmoja wa wachimbaji, si mwongoza watalii aliyekariri maelezo, asimame kando yake kila asubuhi. Malipo ya saa zake yaingizwe kwenye bajeti tangu maombi ya kibali yanapoandikwa, pamoja na ya mafundi na maturubai.