Mstari mwekundu si mwalimu

Tukianza kulalamikia kompyuta hapa Kindu, lawama ya kwanza inaenda kwa umeme, ya pili kwa virusi ya flashi, ya tatu kwa emprimanti inayomeza karatasi. Lawama hizo ni za haki. Lakini iko kasoro moja ambayo hatuilalamikii, juu tumeigeuza kuwa kosa letu wenyewe. Vyombo tunavyoandikia havikutengenezwa kwa ajili ya Kiswahili, na kila siku vinatuambia kwamba sisi ndio hatujui kuandika. Leo nataka kuvichambua viwili, klavie na mstari mwekundu wa Word, kama vile mtu anavyochambua kitabu: kinafanya nini vizuri, kinakosea wapi, na nani analipa.

Tuanze na klavie. Mashine nyingi huku kwetu ziko na AZERTY, mpangilio uliozaliwa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 19 kwa kubadilisha QWERTY ya Wamarekani. Weka vidole vya mkono wa kushoto mahali pake pa kupumzikia. Kidole kidogo kinakaa juu ya Q. Kiswahili hakina Q! A, herufi ambayo hatuwezi kuandika sentensi bila yenyewe, iko mstari wa juu. W iko mstari wa chini. Zote mbili ni kazi ya kidole kilekile kidogo. Sasa andika "watoto wa walimu wanangojea" na uhesabu ni mara ngapi kidole hicho dhaifu kinapanda na kushuka. Mstari wa namba nao: ukibonyeza 2 unapata é, ukibonyeza 9 unapata ç, na ukitaka namba yenyewe lazima ushike Maj kwanza. Herufi ambazo Kiswahili hakizihitaji zimepewa kiti, na namba za hesabu zetu zinasimama mlangoni.

Kwa haki niseme pia uzuri wake. M iko chini ya kidole kidogo cha kulia, pembeni ya L, na kwa lugha yenye mtu, mti na mto, hiyo ni zawadi. Apostrofi ya ng'ombe inatoka kwenye 4 bila kushika Maj. Lakini hayo ni bahati, hakuna aliyetufikiria sisi.

Wenye klavie yao wenyewe hawakunyamaza. Mwezi wa kwanza 2016, wizara ya utamaduni ya Ufaransa ilisema wazi kwamba kwa AZERTY ya kawaida ni vigumu sana kuandika Kifaransa sawasawa, kwa mfano herufi kubwa zenye alama kama É. Mwaka 2019 shirika lao la viwango, AFNOR, likatoa mpangilio mpya. Angalia tofauti: Mfaransa akishindwa kuandika É, anasema klavie ni mbaya. Siye tukichelewa kuandika "wanawake", tunasema "mimi sijui mashine".

Tena kuna mchanganyiko. Kompyuta moja ya okazio imekuja kutoka Ulaya na AZERTY, nyingine imepita Dubai na QWERTY. Ukigusa Alt ya kushoto pamoja na Maj bila kujua, Windows inaweza kubadilisha mpangilio kimyakimya: unabonyeza A, inatoka Q, na neno la siri linakataa. Nimeona mwanafunzi anataka kulia akiamini kazi yake ya mwisho imepotea. Kabla ya kulipa mtu wa kutengeneza, angalia kona ya chini kulia: imeandikwa FRA au ENG? Bonyeza tena vilevile, mambo yanarudi.

Sasa mstari mwekundu. Ulianza na Word ya 1995, na kazi yake ni ya kijinga kuliko sura yake. Programu inachukua neno lako, inalitafuta katika orodha ya lugha iliyochaguliwa, isipolipata inapiga mstari. Basi. Maana yake ni "neno hili silijui". Siye tunasoma "umekosa". Hati ikiwa imewekwa Kifaransa, shamba, mvua na mpunga zote zinawaka nyekundu. Neno "dada" linapita salama, lakini si kwa heshima ya dada zetu: katika Kifaransa, dada ni farasi wa mchezo wa watoto. Hakimu wa namna hiyo, nani amemtuma?

Mtu atasema haya ni mambo madogo. Acha niwaambie yaliyotokea Lokandu. Kikundi kimoja cha wakulima wa mpunga kilikuwa na daftari la kanuni, limeandikwa kwa mkono, Kiswahili safi. Walilileta mjini lipigwe kwa kompyuta. Kijana wa mashine akamwambia mama aliyelileta: "Mama, Kiswahili inajaza mistari nyekundu, itaonekana kama kazi ya mtu hakusoma. Tuweke Kifaransa." Wakaweka. Karatasi ikatoka nyeupe, hakuna mstari, wote wakatia sahihi. Daftari lilisema asiyelipa mchango miezi mitatu bila sababu atapoteza sehemu yake ya shamba. Katika Kifaransa, "bila sababu" ilianguka njiani. Baadaye mama mmoja aliyekuwa amelazwa miezi hiyo alinyimwa sehemu yake, na karatasi ikawa shahidi dhidi yake. Niliitwa kuisoma kwa sauti. Mzee mmoja akaniuliza: "Mwanangu, haya ndiyo tuliyotia sahihi?" Kosa la tafsiri ni la mtu. Lakini kilichomsukuma kutafsiri kitu ambacho hakuna aliyeomba kitafsiriwe ni aibu ya ule mstari.

Na aibu hiyo haina msingi kwetu. Lokandu ndiyo Riba-Riba ya zamani, na katika njia ile ya Nyangwe na Kasongo Kiswahili kilikuwa lugha ya biashara kabla serikali ya Wabelgiji haijafika. Tippu Tip, pamoja na ubaya wote wa biashara yake ya watumwa, aliacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Kifaransa ni lugha rasmi, tunakihitaji, tumekisomea. Sisemi tukitupe. Nasema karatasi ya watu iandikwe kwa lugha ya hao watakaobanwa nayo.

Je, hakuna kompyuta inayojua Kiswahili? Iko. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, na leo LibreOffice, ambayo ni ya bure, iko na kamusi ya Kiswahili. Tatizo la kwanza ni kwamba kamusi hiyo ni ya Tanzania: andika "banasema" uone. La pili liko ndani ya lugha yenyewe. Kitenzi kimoja kinabeba mtu, wakati, anayetendewa na kukanusha: andika, ataandika, hawatakuandikia, asingeliandikiwa. Orodha ya maneno peke yake haiwezi kumaliza hayo. Wahungaria walikuwa na shida ya jamaa na hiyo, maneno yao yanarefuka kwa viambishi. Hawakungoja: Mhungaria László Németh alitengeneza Hunspell kwa ajili ya lugha yake, na ndiyo inayokagua tahajia ndani ya LibreOffice na Firefox mpaka leo. Chombo cha lugha moja kimesaidia dunia nzima, juu mwenye shida aliamua kuitengeneza.

Siye tunaweza kuanza kidogo. Katika Word, chagua hati yote kwa Ctrl+A, ingia Révision, halafu Langue, weka Kiswahili. Kama kamusi yake haipo na intaneti ni ghali, tia alama kwenye kisanduku cha kutokagua tahajia. Mistari inapotea, unabaki na jicho lako, na mwenzako wa kusoma mara ya pili. Halafu, kila unapobonyeza "Ajouter au dictionnaire", neno linaingia katika faili dogo la maandishi linaloitwa CUSTOM.DIC. Faili hilo linakopika na kupita kwa flashi. Nani kati yetu atakusanya maneno ya mashamba, mto, soko na hospitali ya Maniema, tuyapange kwa orodha moja, na kuiweka katika kila sekretaria ya Kindu? Hiyo ni kazi ya wasomi, na haihitaji mfadhili. Mimi nimeanza na maneno ya mpunga. Anayejua ya uvuvi, tuma.