Kuusifu Upanga Butu

Miongoni mwa kazi ambazo watazamaji huzifurahia pasi na kumkumbuka aliyezifanya, siioni iliyo stahiki ya sifa kuliko ile ya fundi atungaye mapigano ya jukwaani na ya filamu. Kwani huyu hukabidhiwa chuki, ghadhabu na mauti, akatakiwa ayadhihirishe yote hayo mbele ya hadhara hata mioyo ituruke, na kisha kila mchezaji arejee kwake usiku ule salama salimini. Shakespeare, ambaye hakumnyima maneno hata mchimba kaburi, alipofika penye mapigano aghalabu aliandika tu kwamba wanapigana, akanyamaza. Nani aanze, mguu upi utangulie, pumzi ikatike wapi, hayo yote amemwachia fundi.

Na siri kubwa ya ufundi huu ni kwamba mwenye amri ni yule apigwaye. Anayeburutwa kwa nywele ndiye aushikaye mkono wa mwenziwe na kuukandamiza kichwani pake, akajisogeza kwa nguvu za miguu yake mwenyewe, ilhali yule adhaniwaye kuwa dhalimu havuti kitu. Kofi hupita mbali na shavu, na mlio wake hutoka katika viganja vya mmoja wao, vikikutana upande usioonekana na watazamaji. Upanga haukunolewa, na huelekezwa nje ya mwili. Na kabla ya pigo macho hukutana, hili likiomba idhini na lile likiitoa, hata naona kwamba ni nadra kwa marafiki wawili kuaminiana kiasi waaminianavyo mahasimu hawa. Hujifunza taratibu mno, hatua baada ya hatua, mpaka mwili uyahifadhi yote. Na hata wakiisha kuyahifadhi, kabla ya kila onyesho huyapitia tena kwa mwendo wa pole. Watu wa Lamu, waliozoea kuona fimbo za kirumbizi zikigongana kwa kuifuata ngoma, hawatastaajabu nikisema kwamba ukali wa namna hii hauwezekani ila kwa adabu.

Walakini usalama peke yake haujawa sanaa. Katika filamu ya The Adventures of Robin Hood ya mwaka 1938, ambayo mapigano yake yalitungwa na Fred Cavens, panga humeremeta na wapiganaji hushuka ngazi kwa madaha, nami sichoki kuitazama. Lakini aliyenifundisha kuogopa upanga ni Mwingereza William Hobbs. Katika The Duellists, filamu ya Ridley Scott ya mwaka 1977 iwahusuyo maofisa wawili wa jeshi la Napoleon, Hobbs amewapa watu hawa jambo ambalo mashujaa wa zamani walikuwa hawalijui, nalo ni uchovu: wanatweta, wanayumba, silaha imekuwa mzigo mikononi mwao, na bado fahari haiwaruhusu kuacha.

Hapo ndipo pigo linapokuwa usemi. Chukua mwisho wa Macbeth, tamthilia ambayo S. S. Mushi aliwapa wasomaji wa Kiswahili mwaka 1968 kwa jina la Makbeth. Mfalme yule amehakikishiwa kwamba hatauawa na aliyezaliwa na mwanamke, basi fundi hodari humfanya apigane na Macduff kizembe, kifua wazi, pasi na haja ya kujikinga. Kisha Macduff anamwambia kwamba yeye alitolewa tumboni mwa mama yake kabla ya wakati. Macbeth anakataa kupigana. Anatishiwa fedheha ya kutembezwa kama kioja. Anaunyanyua upanga tena. Mkono ni ule ule na mapigo huenda yakawa yale yale, lakini sasa anajikinga, kiwiko kimerudi karibu na mbavu, na kila hatua ya mguu wake inatafuta ardhi.